Barua Zilizotutangulia

Kambini,
Jumatatu, baada ya gwaride la asubuhi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji, wanangu wawili, na mama, ambaye nasikia goti limeanza tena vituko vyake. Mwambie aache kupanda ngazi kwenda kuanika nguo juu ya paa. Watu wa kuanika wapo, tena wana magoti mapya. Mimi huku ni mzima, ukiacha mkono wa kushoto uliovimba kwa chanjo, na ukiacha hasira, ambazo mganga wa kambi kasema hana dawa yake.

Najua umenikasirikia, na una haki. Shemeji atakuwa ameshakwambia kwamba Jumamosi mchana aliniona kwa macho yake, nimesimama na sare mbele ya duka la mkata vioo, mkabala na karakana yako, na kwamba aliniita mara mbili, nikajifanya kiziwi, nikapanda gari. Hakufananisha mtu. Ni mimi. Nilisimama pale karibu nusu saa, nikakuona, nikaondoka bila hata salamu, na safari yenyewe ya ng'ambo ndiyo hiyo imebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Nakuandikia kukueleza kwa nini. Nivumilie, maana itabidi nianzie mbali, na nina mengi ya kulalamika njiani.

Kaka, usiwaone watu wanapanda ndege huku wanapunga mikono ukadhani wamefika pale kwa raha. Tuliambiwa tunaondoka, tukafunga mabegi, tukaambiwa bado. Tukafungua mabegi, tukaambiwa fungeni. Tukafunga, tukaambiwa subirini. Mara ya tatu sikufungua tena, nimeishi wiki mbili na mashati mawili nayafua kwa zamu. Bohari wamenipa buti namba arobaini na tano. Nikamwambia mtunza bohari mimi navaa arobaini na mbili, tangu nilipomaliza kukua. Akanijibu, bila hata kuinua macho, kwamba miguu huvimba kwenye ndege. Nikamuuliza, je, ikishashuka na ikapungua? Akasema hilo litakuwa suala la bohari ya huko tuendako.

Halafu kuna fomu ya kuondokea, yenye nafasi kumi na moja za sahihi. Wa tano hatii sahihi mpaka aone ya wa sita, na wa sita hatii mpaka aone ya wa tano. Niliwakuta wote wawili wamekaa benchi moja wanakunywa chai. Nikawaomba watie kwa pamoja, kwa sauti ambayo, nakiri, haikuwa ya kuomba. Nikaandikiwa onyo. Onyo lenyewe nalo likahitaji sahihi yangu, tena nakala tatu.

Lakini hayo yote ni mzaha ukilinganisha na habari ya barua.

Huku jeshini, kikosi kinapokwenda ng'ambo, kila mtu anaandika barua ya akiba. Unawaandikia watu wako wa nyumbani, unaifunga, inawekwa kwenye kabati la chuma katika ofisi ya karani. Ukirudi salama unapewa mkononi, unaichoma mwenyewe, na wengi huichoma bila kuifungua. Usiporudi ndipo inatumwa. Kwa hiyo unaiandika ukijua kabisa kwamba siku itakaposomwa, wewe hupo.

Nina vijana thelathini chini yangu, na kuzikusanya barua zao ilikuwa kazi yangu. Niliwaketisha kwenye bwalo la chakula nikawapa saa moja. Watu wanaobeba mzigo wa kilo thelathini mlimani bila kuguna, walikaa wanatafuna kalamu kama watoto wa darasa la pili. Mmoja akaniuliza kama inaruhusiwa kuandika neno moja tu, msilie, basi. Nikamfokea kwamba hii si telegramu. Kumbe na mimi karatasi yangu ilikuwa nyeupe pe mbele yangu, na ilibaki hivyo mpaka dakika kumi za mwisho.

Sasa, unanijua mimi na unadhifu wangu. Niliamuru kila bahasha iandikwe anwani kwa herufi kubwa, na ibandikwe stempu kabisa, ili siku ikihitajika pasiwe na usumbufu. Maafisa wenzangu hawakubandika. Barua za vijana wao bado ziko kabatini, salama salimini, na wao wanalala usingizi.

Karani wa zamani amehamishwa. Aliyekuja ni kijana mwema, mchapakazi, tunamwita Bwana Mihuri kwa vile hata karatasi ya ratiba ya chakula haitoki mezani kwake bila kugongwa muhuri. Jumatano iliyopita aliambiwa asafishe ofisi, kwa ajili ya kikosi kinachochukua nafasi yetu. Akafungua kabati. Akakuta barua thelathini na moja zimefungwa, zina anwani, zina stempu, zimekaa. Mtu mwenye roho mbaya angefunga kabati akaenda zake. Yeye akawaza kwamba karani aliyemtangulia alikuwa mvivu, kazikalia barua za askari, na kwamba aibu ile haifai isambae. Akazibeba mwenyewe mpaka posta, saa ya chakula, bila kumwambia mtu, ili kumsitiri mwenzake. Siwezi hata kumchukia vizuri, na hilo linaniudhi zaidi.

Ijumaa asubuhi simu ya lango ikaanza kulia. Mama mmoja anataka aambiwe mwanawe kafia wapi, wakati mwanawe yuko nyuma ya bwalo anamenya viazi. Kabla mlinzi hajamaliza kumtuliza, simu ya pili. Ya tatu alipiga mwalimu mkuu wa shule moja, kwa niaba ya mtaa mzima. Kamanda akaniita. Alichoniambia siwezi kukuandikia, shemeji anaweza kuisoma hii. Kwa ufupi alitaka kujua ni mtu gani mwenye akili zake timamu anayebandika stempu kwenye kifo chake. Nilisimama wima. Akanipa gari, dereva, na hati yenye muhuri ya kurudishiwa barua zote, akaniambia nisikanyage kambini zikiwa pungufu.

Posta tuliwahi kumi na tisa zikiwa bado kwenye mafungu. Kumi na mbili zilikuwa zimeshatoka.

Nimezunguka siku mbili, Kaka. Nimepanda ngazi za maghorofa ambayo taa zake zilishakufa, nimebisha milango nikafunguliwa na watu wenye macho mekundu wakaniona na sare wakaanza upya. Wenye simu tuliwapigia, lakini nusu ya namba hazipatikani. Nyumba moja tulikuta viti vimeshapangwa uani na majirani wamejaa. Bahati nilikuwa nimemchukua kijana mwenyewe, tunamwita Mrefu, awe ushahidi. Aliposhuka garini mama yake alimtazama kutoka juu mpaka chini, akamzaba kibao, akamkumbatia, akamzaba kingine. Kisha akanigeukia mimi. Namshukuru dereva, alikuwa hajazima gari.

Aliyenikaa kichwani, lakini, ni koplo wangu mmoja, tunamwita Pasi kwa jinsi anavyozinyosha sare zake. Ijumaa jioni, nikiwa nimepitia langoni bila kuingia ndani, mkewe alifika na barua mkononi, ameshaisoma yote. Humo Pasi alikuwa amemwandikia kwamba ana mtoto wa miaka sita kwa mwanamke mwingine, na kwamba anamwomba amwangalie. Waliketi kwenye benchi la walinzi saa mbili nzima. Nilisimama mbali kidogo, nikiogopa kutatokea kitu, na sikusikia neno ila sauti ya mkewe, inapanda, inashuka, inapanda tena. Alipoondoka, Pasi akaja kwangu macho yamemvimba. Akaniambia ametukanwa matusi ambayo hakujua kama mkewe anayajua, na kwamba kesho yake mkewe anarudi kwa sababu hajamaliza. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa anaiandika ile barua alijiona mwanamume kweli, kumbe alikuwa anamtupia mwenzake mzigo na kukimbia, asiwepo hata wa kuulizwa swali. Akasema ni afadhali imekuwa hivi. Nilimwambia akapumzike.

Nilimwondoa haraka mbele yangu kwa sababu mojawapo ya zile kumi na mbili ilikuwa yangu. Na niliyemwandikia ni wewe.

Jumamosi niliiacha anwani yako iwe ya mwisho. Dereva alishangaa, kwa kuwa karakana iko njiani kabisa. Nikamwambia afuate amri. Saa sita na nusu nilikuwa kwa mkata vioo, namsubiri mgawa barua, ambaye posta walisema hafiki mtaa wenu kabla ya saa saba. Akaja na baiskeli yake, nikamzuia kabla hajavuka kwako, nikamwonyesha hati ya kamanda, akapekua fungu lake akanipa. Kazi ilikuwa imekwisha. Ningevuka barabara nikakuamkia, nikakuhadithia ya Bwana Mihuri tukacheka mpaka tukakosa pumzi, nikanywa maji, nikaenda zangu. Usingejua lolote. Nilikuwa na mguu mmoja barabarani tayari.

Lakini ulikuwa unapiga msasa mlango wa kabati. Vumbi la mbao limekujaa mpaka kwenye nyusi. Ukaanza kukohoa, ukaweka msasa chini, ukakaa juu ya rundo la mbao, ukatoa mfukoni ile dawa yako ya kuvuta, ukavuta mara mbili, ukasubiri huku umeshika magoti. Uso wako ulikuwa wa baba kabisa, yale mapumziko yake ya dakika moja kabla ya kurudi kazini. Kisha ukaokota msasa ukaendelea. Shemeji akatokea mlangoni akaniita. Nikapanda gari nikamwambia dereva aondoe.

Tangu hapo nimekupigia simu mara tatu, ikaita, nikakata kabla hujapokea. Zile namba ngeni ulizoziona ni za mezani hapa kambini. Kila mara nilikuwa na maneno tayari, na kila mara ilipoanza kuita maneno yakaniishia.

Basi, nayaandika.

Unaikumbuka hadithi ya daktari. Utaachaje kuikumbuka, na wewe ndiye unayeisimulia? Miaka tisa sasa, kila mgeni anayekaa sebuleni kwenu lazima aisikie: jinsi siku ile ya usaili wa maafisa ulivyoongoza mbio, ukaongoza hesabu, ukaingia kwa daktari wa jeshi, mzima kama chuma, na yule bwana akaweka kipimo chake kifuani mwako, akafumba macho, akakwambia kijana, wewe una pumu, nenda nyumbani. Unamsifia. Unasema ana masikio ya popo. Unasema hospitali zote alizokupeleka mama, hakuna aliyewahi kusikia kitu siku ambayo kifua kimetulia, ila yule. Unamwigiza anavyofumba macho, watu wanavunjika mbavu, na mimi ndiye ninayecheka kwa sauti kuliko wote.

Kaka, hakusikia kitu. Nilimwambia mimi.

Wewe ulikuwa mbele yangu kwenye foleni. Ukaniona natetemeka, ukanipisha, ukaniambia tangulia mdogo wangu, ukamalize woga. Nilikuwa nimevaa raba zako. Wewe ulikimbia na viatu vya shule na bado ukatushinda. Daktari akanipima, akasema niko sawa, nivae shati. Hakuniuliza lolote kuhusu wewe. Naomba hilo ulielewe vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujikumbusha kwamba aliuliza. Hakuuliza. Nikiwa bado nafunga vifungo nikamwambia anayefuata ni kaka yangu, ana pumu, anaificha. Akaandika kitu kwenye karatasi, hata hakunitazama. Nikatoka, tukapishana mlangoni, ukanipiga begani ukatabasamu.

Nimejipa sababu za kila aina. Kwamba mazoezi yangekuua. Kwamba ingejulikana tu, kama si siku ile basi wiki ya kwanza. Huenda ni kweli, sijui, na wewe pia hutajua, na hapo ndipo nilipokuibia hasa. Ila siku ile sikuwa nawaza kifua chako hata kidogo. Zilikuwa zimebaki nafasi mbili, na sisi kwenye foleni tulikuwa tisa. Nilihesabu vichwa, Kaka. Nikahesabu nikaona wewe unaingia na mimi nabaki, kama kawaida, nikashindwa kuvumilia kubaki mara nyingine. Mwezi uleule baba akakukabidhi funguo za karakana, ukaingia kwenye vumbi na kifua hichohicho, na mimi nikaenda kupimwa sare. Na kila nikija likizo unaniambia jinsi unavyojivunia, unanivuta mpaka kwa wateja wako, huyu ndiye mdogo wangu, Luteni. Hujui ninavyoumia. Nilikuwa natamani unipige.

Haya yote yamo kwenye ile barua niliyoichukua kwa mgawa barua. Jana niliifungua nikaisoma. Ni nzuri mno, imepangika, haina hata neno lililofutwa. Kuna mahali nimekuomba unisamehe kama ulivyonisamehe siku zote, yaani hata msamaha nilikuwa nimeshajiandikia mwenyewe, wewe kazi yako ni kusoma tu. Nilitaka uipate ukiwa unanililia, ili usipate nafasi ya kunichukia. Mtu akishazikwa utamgombeza vipi? Nilijua hivyo, ndiyo maana niliandika. Nimeichana vipande vipande, na nilipokuwa naichana nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtunza bohari wala kwa Bwana Mihuri wala kwa yeyote katika kambi hii.

Leo asubuhi kamanda ameamuru barua za akiba ziandikwe upya, safari hii bila stempu. Vijana wameandika. Nimemwambia mimi sina ya kuweka. Ameniambia nitoke.

Tunaondoka Alhamisi alfajiri. Safari hii wanaapa. Jumatano familia zinaruhusiwa langoni kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja. Mama alishaniaga mara mbili kwa zile safari zilizoahirishwa, na kasema ya tatu haji, machozi yamemwishia. Kwa hiyo nimeandikisha jina lako peke yako. Mama sijamwambia haya, na shemeji pia. Hilo nakuachia wewe, useme au usiseme, kwa kuwa aliyenyang'anywa ni wewe. Anayekuletea barua hii ni dereva wetu, posta nimeikoma. Nimemkataza kusubiri jibu, usihangaike kutafuta kalamu akiwa amekusimamia.

Ukija, usinipe mkono kwa sababu tu walinzi wanatazama. Nitukane kwanza. Niulize unachotaka kuuliza, hata kama ni mbele ya vijana wangu, nitajibu nimesimama wima. Usipokuja nitapanda ndege hivyohivyo, na sitamwambia mtu kwamba ulichelewa au kwamba ulikuwa na kazi. Nitajua umeisoma.

Nisalimie shemeji, umwambie niliisikia sauti yake na kwamba naona haya. Wanangu uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama mpe shikamoo yangu na umwambie nala vizuri. Na wewe, tafadhali, fungua madirisha yote mawili unapopiga msasa. Sina haki ya kukuamrisha, lakini nakuomba.

Jumatano nitakuwa langoni tangu saa nane.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyempisha kwenye foleni.